Kocha na Wataalamu Wenzake: Mwongozo Kamili wa Kujenga Ushirika Unaomlinda Mchezaji

Pita uwanja wowote wa mazoezi kati ya Kisumu na Nakuru saa kumi jioni, utamkuta kocha mmoja akifanya kazi za watu sita. Anafundisha, anafunga bendeji, anampigia mzazi simu kuhusu karo, anasuluhisha ugomvi wa wachezaji, anashauri nani ale nini, na akitokea mtu anayedai kuwa wakala kutoka Nairobi, kocha huyohuyo ndiye anayesoma mkataba. Anafanya hivyo kwa mapenzi. Hata hivyo, mapenzi hayamwonyeshi kama mfupa umepasuka, wala hayamfundishi ni dawa gani itamfungia mchezaji wake mashindano.

Mwongozo huu ni wa kocha wa mashinani: wa soka kule Nyalenda au Kaptembwo, wa raga, wa netiboli, wa riadha ya shule kule Kakamega. Msimamo wangu, ambao nitaurudia kwa njia mbalimbali, ni kwamba mtaalamu anakuwa mshirika wako siku unapompa mamlaka ya kukukatalia. Ukimwita fiziotherapia, yaani mtaalamu wa kutibu misuli na viungo kwa mazoezi na mikono, ili akufungie mchezaji mguu acheze fainali, umemkodi fundi. Ukikubali akuambie “huyu hachezi Jumamosi” na ukatii, hapo mna ushirika.

Hatua ya kwanza: anza na daftari, watu baadaye

Makocha wengi huanza kwa kutafuta watu: “Nahitaji daktari wa timu.” Rudi nyuma kidogo. Chukua rejista ya mazoezi ya msimu uliopita, na kama huna, anza leo na usubiri muhula mmoja. Kila mchezaji anapokosekana, andika sababu kwa neno moja au mawili: goti, kifundo, malaria, karo, nyumbani, hedhi, simjui alipo. Mwisho wa muhula hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia umtafute nani kwanza, na mara nyingi jibu si lile ulilotarajia. Kwa timu ya kandokando ya Ziwa Victoria malaria itajitokeza, kwa kuwa ukanda huo ndio wenye malaria nyingi zaidi nchini. Hapo mshirika wa kwanza ni zahanati ya karibu au mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Ikiwa nusu ya safu imejaa neno “karo”, basi mwalimu mkuu na ofisi ya basari ya wadi ni muhimu kuliko fiziotherapia yeyote. Na kama vifundo vya miguu na magoti ndivyo vinavyoongoza, endelea na hatua zinazofuata kwa mpangilio nilioupanga.

Hatua ya pili: hakikisha ni nani

Neno “daktari” hutumika ovyo. Anayekanda misuli kwa mafuta huitwa daktari, muuza dawa huitwa daktari, na anayeuza poda ya protini kwenye gari naye pia. Heshima si mbaya, ila mtoto wa mtu utamkabidhi kwa leseni, si kwa heshima. Nchini Kenya kila taaluma ina bodi yake: Physiotherapy Council of Kenya kwa fiziotherapia, iliyoundwa chini ya sheria ya 2014, Clinical Officers Council kwa maafisa wa kliniki, Kenya Nutritionists and Dieticians Institute kwa wataalamu wa lishe, Counsellors and Psychologists Board kwa washauri nasaha, Pharmacy and Poisons Board kwa maduka ya dawa, na Law Society of Kenya kwa mawakili. Kumuuliza mtu nambari yake ya usajili hakumvunjii adabu. Aliyesoma na kuhitimu hukutajia mara moja, tena kwa fahari.

Halafu kuna wale wasio na bodi lakini wana imani ya watu: wanaounga mifupa kwa mikono vijijini. Magharibi mwa Kenya familia nyingi zitampeleka mtoto huko kabla hujajua. Ukipigana nao utashindwa, kwa sababu bibi ya mchezaji anawaamini kuliko anavyokuamini wewe. Nenda ukamsalimie mzee huyo, ukae naye, mkubaliane jambo moja tu: picha ya eksirei kwanza. Mfupa uliovunjika ukifungwa vijiti kwa kubana sana, damu hukatika, na mguu unaweza kupotea. Wazee wengi huelewa hili wakielezwa kwa upole, na atakayekubali kukutumia ujumbe mtoto wako anapofika kwake amekuwa mshirika wa maana sana.

Hatua ya tatu: mwendee mtu mmoja, na uende na kitu mkononi

Usijenge kamati. Chagua mtaalamu mmoja anayelingana na tatizo lililoongoza kwenye daftari lako. Kama ni majeraha, idara za fiziotherapia za hospitali kubwa za umma ndizo mahali pa kuanzia: Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wakazi bado huiita Russia, hospitali ya rufaa ya Nakuru ambayo wenyeji huiita PGH, au hospitali kuu ya kaunti kule Kakamega. Usiende asubuhi ya kliniki yenye foleni. Tuma ujumbe kwanza, na uwe mfupi kama huu:

“Habari za leo, daktari. Mimi ni kocha wa vijana chini ya miaka 17 hapa Kondele. Nina wachezaji 24. Msimu uliopita saba walikosa mechi kwa sababu ya vifundo vya miguu, na wanne kati yao waliumia tena palepale. Siombi matibabu ya bure. Naomba nusu saa yako, siku itakayokufaa, nikuonyeshe daftari langu uniambie unaona nini.”

Ujumbe huo una tarakimu, kwa hivyo anajua unafuatilia kazi yako. Umeondoa hofu ya kuombwa huduma ya bure, ambayo ndiyo inayowafanya wataalamu wengi wasijibu simu za makocha. Tena umemwuliza maoni yake. Mtaalamu anayehudumia wagonjwa mmojammoja kutwa nzima hapati mara kwa mara kuona watu 24 wenye shughuli moja kwa msimu mzima, na jambo hilo lina thamani kwake.

Kwenye kikao cha kwanza ongea kidogo. Mwonyeshe daftari, mweleze mnafanya mazoezi siku ngapi, uwanja una mashimo kiasi gani, viatu vikoje. Kisha muulize: “Ungekuwa mimi, ungebadilisha nini wiki ijayo?” Ukilifuata jibu lake na kurudi baada ya mwezi na daftari jipya, hutahitaji kumbembeleza tena.

Vyuo navyo visisahaulike. Egerton kule Njoro ina idara ya lishe, na wanafunzi wanaohitaji mahali pa mafunzo ya nyanjani wapo kila mwaka. Ila mwanafunzi aje chini ya msimamizi wake. Usimfanye daktari wa timu kwa sababu tu ana koti jeupe.

Hatua ya nne: amueni nani mwenye neno la mwisho

Hapa ndipo ushirika mwingi huvunjika, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua mfano wa kifundo. Dakika ya sitini winga anatua vibaya, kifundo kinageuka. Kwa kawaida kocha humwagia maji baridi, humfunga, na kumwuliza “Unaweza?” Kijana wa miaka 16 atasema anaweza, hata kama hawezi. Mwombe fiziotherapia awafundishe wewe na nahodha kipimo ambacho madaktari wa dharura hutumia kuamua nani apigwe eksirei. Je, anaweza kupiga hatua nne, hata kama anachechemea? Je, anaumia ukibonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa, sentimita 6 za chini, upande wa ndani au wa nje wa kifundo? Je, anaumia ukibonyeza mfupa wa pembeni mwa wayo, pale katikati upande wa kidole kidogo, au ule wa juu ya upinde wa ndani wa mguu? Akishindwa hatua nne, au akiumia kwenye sehemu mojawapo ya hizo, ni hospitali, si benchi. Dakika mbili za kujifunza hayo zitakuokolea msimu.

Kurudi uwanjani nako kuwe na masharti yanayoonekana kwa macho. Kwa mfano: anaruka kwa mguu ulioumia sawasawa na ule mzima, anakimbia moja kwa moja bila maumivu, kisha anakata kona kwa kasi bila kusita. Fiziotherapia ndiye anayetia sahihi, wewe husahihishi wala hujadili. Waambie hayo wachezaji na wazazi mapema, kabla msimu haujaanza, ili Jumamosi ya fainali isiwe siku ya mabishano.

Kwa kichwa sheria ni kali zaidi. Mchezaji aliyegongwa kichwani akaonekana amepotea, ana kizunguzungu, anatapika au hakumbuki matokeo, anatoka na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Ruhusa ya kuanza tena hutoka kwa mhudumu wa afya. Makocha wa raga wa Nakuru wamelizoea hili; sisi wa soka bado tunalichukulia kwa wepesi mno.

Omba pia fiziotherapia asimamie FIFA 11+ kwa wiki chache. Ni mazoezi 15 ya kupasha mwili yaliyogawanywa sehemu tatu, huchukua kama dakika 20, hayahitaji kifaa zaidi ya mpira, na tafiti zimeonyesha yanapunguza majeraha yakifanywa kwa uaminifu angalau mara mbili kwa wiki. Makocha wengi wameyasikia. Wanaoyafanya vizuri ni wachache, kwa sababu goti linaloingia ndani wakati wa kutua halionekani na jicho ambalo halijafundishwa.

Jambo jingine la huku kwetu ni sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ugonjwa huu uko kwa wingi Nyanza na Magharibi, na mchezaji mwenye nao, au hata anayebeba kinasaba chake bila kuugua, anaweza kuhatarishwa na mazoezi makali kwenye joto bila maji. Muulize afisa wa kliniki jinsi ya kuzungumza na wazazi kuhusu kipimo. Usilitangaze mbele ya timu.

Hatua ya tano: pesa, mapema na kwa maandishi

Nani atalipa? Swali hili likiahirishwa hugeuka kinyongo. Njia ni nne: mtaalamu anajitolea saa maalumu kwa mwezi na klabu inalipa nauli na chakula, klabu inamlipa kwa siku ya mechi, mzazi anamlipa moja kwa moja kwa bei nafuu mliyokubaliana, au matibabu yanapitia bima ya afya ya umma, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024. Kwa hiyo ya mwisho, panga siku moja ya usajili wa familia zote za timu pamoja na mhamasishaji wa afya. Ni kazi ya Jumamosi moja, na manufaa yake hudumu.

Kamisheni kwa kocha haina nafasi hapa kabisa. Usipokee shilingi kwa kila mchezaji unayempeleka kliniki fulani, wala usimpe mtaalamu chochote kwa kukuletea wachezaji. Siku utakapoanza kulipwa kwa kila goti, mzazi hatajua tena kama mtoto wake alihitaji matibabu au wewe ulihitaji pesa, na wewe mwenyewe utashindwa kujua.

Klabu iwe na jina kwenye karatasi, ama kama kikundi cha jamii chini ya sheria ya 2022 au kama shirika la michezo kwa Msajili wa Michezo. Malipo yapitie nambari ya klabu, na watu wawili, si kocha peke yake, waidhinishe.

Hatua ya sita: duka la dawa

Mshirika anayesahaulika zaidi ni mfamasia, ilhali mchezaji humwendea yeye kabla ya yeyote. Mgongo ukiuma, mafua yakibana, anaingia dukani, anaeleza, anatoka na vidonge kwenye bahasha ya karatasi visivyo na jina.

Kwa mwanariadha hiyo bahasha ni hatari. Chini ya kanuni za kimataifa, kilichopatikana mwilini ni wajibu wa mchezaji, hata kama alipewa na mtu mwingine kwa nia njema. Tramadol, dawa ya maumivu inayojulikana sana, imepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu Januari 1, 2024. Vidonge vya prednisolone, vya kupunguza uvimbe, navyo vimepigwa marufuku wakati wa mashindano. Furosemide, ya kupunguza maji mwilini, imekatazwa wakati wote. Hizi ni dawa halali za hospitalini, na mgonjwa anayezihitaji kweli anaweza kuombewa kibali cha matibabu, lakini kibali huombwa kwa utaratibu, si baada ya kupimwa.

Basi chagua duka moja lenye leseni karibu na uwanja, umtembelee mfamasia na kumwomba mambo matatu: kila mchezaji wako ajitambulishe kuwa ni mwanamichezo, dawa itoke kwenye pakiti yenye jina, na orodha ya dawa zilizokatazwa, ambayo hubadilika kila Januari 1, iwepo kaunta. ADAK, shirika la kitaifa la kupambana na dawa za kusisimua misuli, hutoa mafunzo kwa wachezaji na makocha. Omba siku moja, na umwalike mfamasia huyo aketi mbele pamoja nanyi.

Kanuni hizohizo zinamkataza mchezaji kufanya kazi na kocha, daktari au mtaalamu mwingine aliyefungiwa kwa makosa ya dawa hizi. Kabla ya kumkaribisha mtu kwenye kambi yako, hasa anayejisifu kwa sindano za kuongeza nguvu, angalia kama hayumo kwenye orodha ya waliofungiwa ambayo WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa hizi, huchapisha. Na hata kama hayumo, mwenye sindano za kuongeza nguvu usimkaribishe.

Hatua ya saba: lishe, pamoja na mama wa nyumbani

Mtaalamu wa lishe anayekuja na orodha ya vyakula vya hoteli hatakusaidia. Mwombe aanze na sufuria zilizopo: omena, ambayo huliwa na mifupa yake na hivyo ina protini na kalsiamu, maharagwe, managu, mayai, maziwa ya mala, viazi vitamu. Mpange kikao cha wazazi, si cha wachezaji, maana kijana wa miaka 14 hajipikii. Ushauri mmoja mdogo wenye faida kubwa: chai isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, na ukanda wenye malaria tayari una upungufu wa damu wa kutosha.

Kwa wasichana wanaokimbia mbio ndefu, hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo si ishara ya kuwa fiti. Mwili haupati chakula cha kutosha kwa kazi unayoupa, na mifupa ndiyo itakayolipa. Jambo hili lisimamiwe na mwanamke wanayemwamini, na apewe njia ya kumfikia mtaalamu bila kupitia kwako.

Hatua ya nane: mwalimu, mshauri nasaha na ulinzi wa watoto

Mwalimu wa darasa ndiye wa kwanza kuona mtoto amebadilika. Mpelekee ratiba ya mechi mwanzoni mwa muhula, umuulize mitihani ni lini, na uahirishe mazoezi siku hizo bila kuombwa. Baada ya hapo atakupigia simu yeye mwenyewe.

Kwa mshauri nasaha, kazi yako ni kusikiliza, kupeleka na kunyamaza. Usimuulize mshauri kijana alisema nini. Ila mtoto akikuambia anapigwa au ananyanyaswa kimwili au kingono, hiyo si siri ya kuhifadhi. Piga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, au umwone afisa wa watoto wa kaunti ndogo, siku hiyohiyo. Hata kama mshukiwa ni mfadhili wa timu, na hata kama ni kocha mwenzako.

Hatua ya tisa: wakili kabla ya wakala

Mtafute wakili mapema, wakati hakuna mkataba wowote mezani. Mwulize atakachotoza kusoma karatasi moja, uhifadhi nambari yake. Wakala akija, mambo haya yatakupa ujasiri wa kukaa kimya hadi wakili afike: FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu chache mahususi; mawakala wanatakiwa kuwa na leseni ya FIFA; na mtoto hasaini chochote bila mzazi.

Kuna pia haki yako. Mchezaji akiuzwa kimataifa, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Lakini hugawiwa kwa kumbukumbu za usajili. Kama kijana hakuwahi kusajiliwa rasmi kupitia klabu yako, huna cha kudai hata kama ulimfundisha tangu akicheza miguu mitupu.

Hatua ya kumi: karatasi moja

Sasa andikeni. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili ambacho mzazi anakielewa: nani anafanya nini, siku gani na saa gani anapatikana, nani anaamua mchezaji arudi uwanjani, malipo ni kiasi gani na yanapitia wapi, taarifa za afya zinawekwa wapi, na kila upande unajitoaje. Kwenye taarifa za afya kuwa mwangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu kuwa nyeti, na za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi. Kundi la WhatsApp la timu si mahali pa kuandika kwamba fulani ana ugonjwa fulani. Unachohitaji kujua wewe ni mambo matatu tu: anacheza, hachezi, au anafanya mazoezi mepesi. Mengine yabaki kwa mtaalamu.

Mkutane mwisho wa kila muhula, kwa chai, daftari likiwa mezani. Angalieni waliokosa mechi wamepungua au la, nani alirudi mapema na kuumia tena, nani alimpuuza nani. Kama uliwahi kumchezesha mtu aliyekataliwa, mtaalamu alitaje waziwazi na liandikwe. Kama yeye ndiye haji siku alizoahidi, mwambie hivyo, na msipoelewana achaneni kwa kutumia kile kifungu cha kujitoa, mkishikana mikono, kwa sababu mji ni mdogo na mtakutana tena.

Mkiachana, au wewe ukihamia timu nyingine, fomu za idhini na za kurudi uwanjani zibaki kwa katibu wa klabu kwenye faili iliyofungwa kwa kufuli. Kocha mpya atambulishwe kwa fiziotherapia, mfamasia na mwalimu ana kwa ana, kabla hajaendesha zoezi lake la kwanza.